Kusoma tangazo hadi lieleweke: mwongozo kamili wa mkazo, kiimbo na kituo

Rekodi ninazoletewa na MC wa harusi, wasomaji wa matangazo kanisani na watangazaji chipukizi wa Iringa, Njombe na Mbeya zina ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo si lafudhi. Ukisoma kwa lafudhi ya Kihehe au ya Kinyakyusa, watu watakuelewa vizuri tu. Tatizo ni kwamba maneno yote yanatoka kwa uzito uleule, kila sentensi ina wimbo uleule, na aliyekaa benchi la nyuma anamgeukia jirani: "Amesema lini?"

Wewe mwenye karatasi unaona nukta, koma na aya. Msikilizaji haoni chochote, kwa hiyo kazi ya alama hizo zote inahamia kwenye sauti yako. Sauti ina nyenzo tatu: mkazo, yaani silabi au neno unalolitamka kwa nguvu zaidi; kiimbo, yaani sauti inavyopanda na kushuka katika sentensi nzima; na kituo, pale unaponyamaza. Kila lugha huzigawia nyenzo hizi kazi zake. Huku kwetu mtu mmoja anasalimia kwa Kibena, anasoma tangazo kwa Kiswahili, kisha anawageukia wageni kwa Kiingereza, na kiimbo ni kilekile mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo maana inapopotea.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kinasa sauti, na spika za masikioni. Spika ya simu yenyewe huficha makosa.
- Tangazo lililoandikwa upya kwa mkono au kuchapwa kwa herufi kubwa, ukiruka mstari mmoja kila mara. Usisome moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe wa simu ulioletewa na katibu.
- Kalamu ya risasi na kalamu nyekundu.
- Chumba chenye mapazia, godoro au nguo zilizotundikwa, ili sauti isirudi. Kama uko Tukuyu au Kyela, subiri mvua ipite: chini ya bati hutajisikia, na utaanza kupiga kelele bila kujua.
- Mtu mmoja ambaye hajui tangazo linahusu nini. Huyu ni muhimu kuliko simu.

Nitatumia tangazo hili, la aina tunayoipokea kila wiki, bila nukta hata moja:

*Ndugu wanachama mnatangaziwa kuwa mkutano wa wakulima wa parachichi hautafanyika Jumatatu kama ilivyotangazwa awali utafanyika Jumatano saa nane mchana ukumbi wa kijiji wazazi wa vijana waliojiandikisha kupata miche waje na kadi zao kwa maelezo zaidi piga simu*

## Hatua ya 1: Lisimulie kabla ya kulisoma

Soma tangazo kimya mara mbili, ligeuze karatasi, washa kinasa sauti, kisha mweleze mtu habari hiyo kama unavyomweleza jirani sokoni. Usijali ukisahau kipengele.

Sababu ni hii: ukisimulia, kiimbo chako cha kawaida kinafanya kazi chenyewe. Utasema, "Ule mkutano wa Jumatatu haupo tena, umesogezwa hadi Jumatano." Sikia sauti inavyojipanga bila kufundishwa. Ukishika karatasi, kiimbo hicho hukimbia na cha darasa la pili kinaingia, kile cha kusoma kwa pamoja huku mwalimu akigonga meza.

Tahadhari: usiige sauti ya mtangazaji unayempenda. Sauti ya kuazima hukaa vizuri kwa sentensi mbili za kwanza, halafu inachoka, na kila mtu anasikia inavyochoka.

Umefaulu ukiona: rekodi ina sehemu zinazokwenda haraka na nyingine polepole. Itunze. Ndiyo kipimo chako hadi mwisho.

## Hatua ya 2: Kata tangazo kwa vituo

Chukua kalamu ya risasi. Weka mstari mmoja (/) pale unaposita kidogo, na mistari miwili (//) pale unapovuta pumzi. Usikate kwa kufuata urefu wa mstari wa karatasi. Kata kwa kufuata maana.

Anayedhani kituo ni pumzi tu aseme maneno haya matatu kwa sauti: *Baba Asha amefika.* Bila kusita, aliyefika ni mzee, baba yake Asha. Ukisita baada ya "Baba", aliyefika ni binti, na baba ndiye anayepewa habari. Maneno ni yaleyale, silabi ni zilezile, ila mgeni mlangoni amebadilika.

Sasa rudi kwenye tangazo letu: *wazazi wa vijana waliojiandikisha waje na kadi zao.* Nani amejiandikisha, wazazi au vijana? Sarufi haitusaidii, maana wote ni ngeli ya watu na "waliojiandikisha" inawafaa wote. Ukikata *wazazi wa vijana / waliojiandikisha*, masikio yatawaelekea wazazi. Ukikata *wazazi / wa vijana waliojiandikisha*, yatawaelekea vijana. Muulize katibu alikusudia nini kabla hujasimama mbele za watu.

Na hapa nina msimamo. Sentensi yenye utata wa namna hii isiachiwe kituo peke yake. Watu wanakohoa, watoto wanalia, pikipiki inapita nje. Iandike upya: *Kama kijana wako amejiandikisha kupata miche, njoo na kadi yake.* Kituo kizuri hakiokoi sentensi mbovu.

Umefaulu ukiona: kila kipande kati ya mistari kinaweza kusimama kama jibu la swali moja. Nini? Lini? Wapi? Nani?

## Hatua ya 3: Tafuta silabi zinazoelekea kumezwa

Hatua hii watu wengi hawaifanyi, na ndiyo inayotuma wakulima ukumbini siku isiyo yake.

Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ni i-RI-nga, ma-FI-nga, tu-KU-yu. Neno likirefuka, mkazo unasogea nalo: SHU-le, lakini shu-LE-ni. Maneno yanayokiuka utaratibu huu ni machache. Maarufu ni *barabara*: ile ya magari kutoka Iringa kwenda Mbeya ni ba-ra-BA-ra, na ile yenye maana ya sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Ukisema "barabara imejengwa barabara", mdomo wako unazitenganisha bila wewe kufikiri.

Utaratibu huu una matokeo mawili ambayo msomaji wa tangazo lazima ayajue.

La kwanza: silabi ya mwisho ni dhaifu, na mwishoni mwa sentensi pumzi nayo imekwisha. Sasa tamka siku hizi mbili: Ju-ma-TA-tu, Ju-ma-TA-no. Mwanzo mmoja, mkazo mmoja, silabi moja yenye nguvu. Tofauti yote imebebwa na *tu* na *no*, silabi zilezile ambazo msomaji aliyechoka anazimeza. Tangazo letu linahamisha mkutano kutoka Jumatatu kwenda Jumatano! Ndiyo maana bibi wa benchi la nyuma anauliza, "Mwanangu, umesema Jumatatu au Jumatano?" na wewe unajibu, "Jumatano, bibi," kwa sauti ambayo ungeitumia tangu mwanzo.

Dawa yake: usiweke siku mwishoni kabisa mwa pumzi. Itaje, kisha itilie tarehe nyuma yake: *Jumatano, tarehe kumi na tano.* Hata *no* ikipotea, tarehe inabaki. Fanya hivyo pia kwa saa: *saa sita* na *saa tisa* hukaribiana kwenye spika mbovu, kwa hiyo sema *saa tisa alasiri*.

La pili: ukanusho wa Kiswahili mara nyingi hukaa mwanzoni mwa kitenzi, mbali na mkazo. *Utafanyika* na *hautafanyika* zote zinatoa nguvu kwenye *nyi*. Kinachozitofautisha ni *ha*, na *h* yenyewe wengi tunaitamka kwa ulegevu. Ikitanguliwa na neno linaloishia na irabu, kama "parachichi hautafanyika", *ha* inaweza kuzama kabisa. Msikilizaji anaondoka na kinyume cha ulichosoma.

Wapo wanaojaribu kutibu kwa kupiga nguvu mwanzoni: HA-utafanyika. Inasikika kama mtu anayegombana, na sikio la Mswahili linashtuka badala ya kuelewa. Njia zinazofanya kazi ni mbili. Weka kituo kabla ya kitenzi, ili *ha* ianze na pumzi mpya. Au, bora zaidi, tumia kitenzi kinachobeba habari katika mzizi wake: *Mkutano wa Jumatatu umeahirishwa.* Hapo hakuna silabi moja inayoshikilia maana yote.

Kwa kalamu nyekundu, zungushia kila silabi ya namna hii kwenye karatasi yako.

## Hatua ya 4: Chagua neno moja tu katika kila kipande

Kipande chenye maneno matatu yenye nguvu hakina hata neno moja lenye nguvu. Pigia mstari neno moja, lile ambalo likitoka tangazo halina faida.

Namna ya kulinyanyua hutegemea lugha. Mwingereza huacha maneno mahali pake na kuhamisha sauti. Katika "We leave at six", akikaza "we", anasema ni sisi, si wale wengine. Akikaza "six", anasema ni saa hiyo, si nyingine. Kiswahili hupenda kuhamisha maneno yenyewe, au kuongeza neno la kutia nguvu: *Sisi ndio tunaoondoka saa kumi na mbili.* Au: *Tunaondoka saa kumi na mbili, si saa moja.* Sauti hufuata tu.

Kwa hiyo usipige kelele juu ya neno. Lipe nafasi. Lisogeze mwishoni mwa kipande likiwa halina hatari ya kumezwa, lizungushie vituo, au tumia *ndiyo, ndiye, ndipo*. Tangazo letu linakuwa hivi:

*Ndugu wanachama, // mkutano wa Jumatatu / umeahirishwa. // Tutakutana <u>Jumatano</u>, / tarehe kumi na tano, / saa <u>nane</u> mchana, / ukumbi wa <u>kijiji</u>. //*

Kuna nyenzo nyingine ambayo ni yetu kabisa: kurefusha irabu. *Kule* ni kule. *Kuleee*, sauti ikipanda, ni mbali ng'ambo ya mlima. *Sana* na *saaana* si kiasi kimoja. Kwenye harusi itumie. Kwenye tangazo la mkutano iache, maana itageuza habari kuwa hadithi.

Umefaulu ukiona: unaweza kusoma maneno uliyopigia mstari peke yake, na msikilizaji akapata kiini cha habari.

## Hatua ya 5: Panga miisho

Kila kipande kinaishia kwa namna moja kati ya tatu: kushuka, kubaki juu, au kupanda. Chora mshale mdogo mwishoni mwa kila kipande.

Kushuka ni kwa habari iliyokamilika. Shuka, lakini usizame. Kama kwenye rekodi silabi mbili za mwisho hazisikiki, umezama.

Kubaki juu ni ishara kwamba yapo mengine yanakuja. Ndivyo tunavyosoma orodha: *mbegu (juu), mbolea (juu), na miche (chini).* Ukishuka kwenye "mbegu", watu watadhani umemaliza. Namba ya simu ni orodha pia. Ina tarakimu kumi, kwa hiyo igawe nne, tatu, tatu. Fungu la kwanza na la pili yabaki juu, la mwisho lishuke. Kisha irudie yote kwa mgawo uleule. Ukiirudia kwa mgawo mwingine, anayeandika anadhani ni namba nyingine.

Kupanda ni kwa swali la ndiyo au hapana. Kiswahili hakilazimiki kuongeza neno: *Umelipa* na *Umelipa?* ni neno lilelile. Kinachobadilika ni kiimbo: sauti nzima inakaa juu zaidi, na silabi yenye mkazo, *li*, inanyanyuka kuliko ilivyozoea. Swali lenye *nini, lini, nani* au *wapi* halihitaji kupandishwa mwishoni, maana neno lenyewe limeshauliza. Ukipandisha hapo, unasikika kama mtu anayeshangaa au kusuta.

Kosa ninalolisikia sana kwa vijana ni kupandisha mwisho wa kila sentensi. Tangazo zima linakuwa maswali. Kosa la wazee wa kanisa ni kinyume chake: kila mwisho unaanguka, hata katikati ya orodha ya majina.

Kiimbo pia hubeba heshima. "Mnaombwa kukaa" ikisemwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni amri ya mgambo, hata kama neno "ombwa" limo ndani yake. Na *haya* pekee yake hutosha kwa somo zima: fupi na ya kushuka ni kukubali, ya kupanda ni "tuko tayari?", ndefu ya kushuka polepole ni mtu aliyekata tamaa, na kali ya ghafla ni mtoto akimbie.

## Hatua ya 6: Ukihama lugha, hama na kiimbo

Kihehe na Kibena ni lugha za toni. Juu na chini ya sauti hukaa ndani ya neno na ni sehemu ya neno hilo, kama irabu zilivyo. Ukichukua kiimbo cha Kiswahili ukakilaza juu ya sentensi ya Kihehe, unaharibu neno lenyewe. Kama umezaliwa Kihesa au Kalenga na unakizungumza, huna shida. Kama umehamia, usijifunze kwenye maandishi, maana tahajia ya kawaida haionyeshi toni. Mwombe mzee aseme salamu na sentensi unazozihitaji, mrekodi, umwige kipande kwa kipande. Hata "Kamwene" ya kufungulia mkutano iige kutoka mdomoni.

Kinyakyusa ni habari nyingine. Hakina toni za namna hiyo, na mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Lakini urefu wa irabu hubadilisha maana, kwa hiyo mgeni achunge wapi pa kuvuta na wapi pa kukata. Katika salamu, "Mugonile" ndiyo ya wengi au ya heshima. "Ugonile" ni ya mtu mmoja unayelingana naye. Usiwatolee wazee wa Rungwe ya pili.

Kiingereza kinawasumbua zaidi waongoza watalii wa Ruaha na wasomaji wa mikutano ya wafadhili. Mambo matatu yatakusaidia haraka.

Kwanza, mkazo wake hauna makao. "Permit" ikikazwa mwanzoni ni kibali. Ikikazwa mwishoni ni kuruhusu. "Record" na "present" ni vivyo hivyo: mwanzoni ni jina, mwishoni ni kitenzi. Ukijifunza neno jipya, jifunze na mkazo wake hapohapo.

Pili, namba. "Thirteen" hupata nguvu mwishoni ikisimama peke yake, "thirty" mwanzoni. Vivyo hivyo 15 na 50, 14 na 40. Ukitaja bei kwa mkazo wa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, 13 inasikika kama 30, na mteja anasikia dola 17 za ziada ambazo hukuzikusudia. Kila lugha ina Jumatatu na Jumatano yake. Taja tarakimu moja moja baada ya namba: "thirteen, one three".

Tatu, Kiswahili huipa kila silabi haki yake, ila Kiingereza huzibana silabi zisizo na mkazo hadi zinakaribia kutoweka. Ukizitamka zote kwa uzito mmoja, mgeni anashindwa kujua neno lipi ni la maana. Na ukirudi kwenye Kiswahili, acha kubana: "wnachama" haipo.

## Hatua ya 7: Jipime

Rekodi tangazo zima. Sikiliza pamoja na rekodi ya Hatua ya 1, moja baada ya nyingine. Kisha fanya vipimo viwili.

*Kipimo cha kuguna.* Funga mdomo, guna sentensi moja kwa kiimbo chake bila maneno. Msikilizaji wako aseme kama ni swali, habari au orodha. Akikosea, mishale yako ya Hatua ya 5 haikufika kwenye sauti.

*Kipimo cha mgongo.* Msikilizaji akupe mgongo, akiwa mbali hatua kumi hivi. Soma mara moja tu. Akueleze lini, saa ngapi, wapi na nani. Usimsaidie, na usirudie.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Inachora kiimbo chako kwa mstari wa buluu. Kwa sauti ya kiume weka kipimo cha kiimbo kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 75 na 300, kwa ya kike 100 na 500. Mstari ukilala kama tambarare ya Usangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, umeshajua kazi iliyobaki. Ukikatika hapa na pale usishtuke: sauti kama *s, t, k* hazina kiimbo cha kuchora.

## Ukikwama

Sauti inakaza asubuhi. Juni na Julai huko Makete na Njombe koo huamka limeganda. Kunywa kitu cha moto, guna kwa dakika chache, soma aya yoyote kwa sauti ya chini kabla ya kushika kipaza sauti.

Ukumbi unarudisha sauti. Usiongeze sauti, ongeza vituo. Subiri mwangwi ufe ndipo uanze kipande kinachofuata.

Unasoma tangazo la msiba. Wengi hushusha sauti yote na kuinyoosha kwa heshima, halafu jina la marehemu na saa ya mazishi havisikiki. Punguza kasi, shusha sauti kwa jumla, lakini jina, mahali na saa vinyanyuke kidogo na vipewe vituo pande zote mbili. Katika orodha ya ndugu waliopewa taarifa kila jina libaki juu, na la mwisho ndilo lishuke. Wapo waliosafiri kutoka Tunduma au Makambako wakisubiri kusikia jina lao likitajwa. Jina lisilosikika huzua maneno nyumbani kwa wafiwa, na lawama itakuja kwako uliyeshika karatasi.

Kila kitu kiko sawa mazoezini, siku yenyewe unakimbia. Andika "POLEPOLE" kwa kalamu nyekundu juu ya kila mistari miwili (//), na unapofika hapo, inua macho umtazame mtu mmoja wa benchi la nyuma kabla ya kuendelea.